Jikedume la Iwata: Safari ya Yamaha Virago

Mvuvi wa Kilwa na mpiga kinanda wa taarabu wa Unguja wanalijua jina moja. Mmoja huliona kwenye kifuniko cha mashine ya boti kila alfajiri anapovuta kamba. Mwingine huliona juu ya vitufe vyake. Jina hilohilo, Yamaha, liliandikwa mwaka 1981 kwenye tangi la pikipiki ambayo wengi wetu hatukupata kuiona mtaani, na ambayo waliokuwa nayo, huko Marekani na Ulaya, waliizoea mpaka wakaacha kuitazama. Iliitwa Virago.

Simulizi nyingi za pikipiki, zikifika kwenye ukoo wa kruza, yaani pikipiki ndefu zenye siti ya chini na usukani wa juu, zilizoundwa kwa safari ya raha na wala si kwa mashindano, huanza na Harley-Davidson na kuishia na Harley-Davidson. Virago hutajwa kwa kupita, na mara nyingi hutajwa kwa neno moja tu: iliiga. Mimi naona hukumu hiyo haikuwa ya haki. Ukiifuata historia yake hatua kwa hatua, utakuta chombo kilichobuniwa kwa akili yake chenyewe, kikaangushwa na kipande kidogo cha waya, kikapigwa na kodi ya serikali ya ugenini, na bado kikadumu kuliko wengi waliokicheka.

Kutoka kinanda hadi kereng'ende, 1887–1970

Mwaka 1887 fundi Torakusu Yamaha aliitwa kurekebisha kinanda kilichoharibika katika shule moja ya mji wa Hamamatsu, Japani. Alikifungua, akakielewa, kisha akaamua kuunda cha kwake. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya vyombo vya muziki ya Nippon Gakki, na ndiyo sababu nembo ya Yamaha mpaka leo ni nyuma tatu za kupimia sauti zilizopishana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo ilitengeneza mapangaboi ya ndege. Vita vilipokwisha, mitambo ya kukata chuma ikabaki bila kazi, na rais wake Genichi Kawakami akatafuta cha kuifanyia. Akachagua pikipiki.

Ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, ilikuwa na injini ya 125 cc na ilifuata mchoro wa DKW ya Ujerumani. Ilipakwa rangi ya damu ya mzee, Wajapani wakaiita Akatombo, kereng'ende mwekundu. Tarehe 1 Julai 1955 Yamaha Motor ilisajiliwa kuwa kampuni ya kujitegemea, na mwezi huohuo kereng'ende wake alishinda mashindano ya kupanda mlima Fuji katika daraja lake. Baadaye makao makuu yalihamia Iwata, jirani na Hamamatsu.

Kwa miaka kumi na mitano Yamaha ilijulikana kwa injini za mipigo miwili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. XS-1 ya mwaka 1970 ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya mipigo minne: silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, 650 cc, umbo la pikipiki za Kiingereza zilizopendwa wakati ule. Hapo ndipo tabia ya mafundi wa Iwata ilipoonekana wazi. Walichukua sura ambayo watu walikuwa wameshaipenda, wakaifungua ndani, wakaijenga upya kwa namna yao.

Siti zinashuka, usukani unapanda, 1969–1980

Filamu ya Easy Rider ilitoka mwaka 1969. Vijana wa Marekani wakatoka kwenye kumbi za sinema wakiitaka picha ile: gurudumu la mbele limetangulia mbali, usukani umeinuka, dereva ameegemea nyuma. Walikuwa wakizikata pikipiki zao wenyewe kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba, na si wote waliojua kuchomelea. Mwaka 1971 Willie G. Davidson, mjukuu wa mmoja wa waasisi wa Harley-Davidson, alitoa Super Glide, pikipiki iliyokatwakatwa tayari kutoka kiwandani. Kawasaki ikafuata na LTD mwaka 1976. Yamaha ikaingia mwaka 1978 na XS650 Special: siti ya ngazi, tangi dogo mfano wa tone la maji, gurudumu nene la nyuma. Iliuzwa sana.

Lakini kitu kimoja kilikosekana. Mmarekani aliposema kruza, sikio lake lilisubiri mlio wa silinda mbili zilizotanuka kama herufi V, mlio ule wa kudunda na kusita. Japani haikuwa mgeni wa V hiyo. Tangu miaka ya 1930 kiwanda kimoja cha huko kiliunda Harley kwa leseni na kuziuza kwa jina la Rikuo, na polisi na jeshi walizitumia. Ila ukoo huo ulikuwa umekufa, na makampuni makubwa manne yaliyobaki yalikuwa yakishindana kwa injini za silinda nne. Mtu wa kwanza kati yao kurudi kwenye V iliyokaa kwa urefu wa pikipiki, kama ile ya Wamarekani, angekuwa anaingia nyumbani kwa mwenyeji bila kubisha hodi.

1981: injini inayoning'inia

Yamaha iliingia. Mwaka 1981 ilitoa XV750, ikaiita Virago. Neno hilo ni la Kilatini, limetokana na neno la mwanaume, na zamani lilimaanisha mwanamke shujaa wa vita. Baadaye Kiingereza kililishusha hadhi likawa jina la mwanamke mgomvi. Sisi tuna neno linalobeba pande zote mbili bila kuhangaika: jikedume.

Sasa tazama kilichokuwa ndani. V ya Harley ilitanuka nyuzi 45. Ya Virago nyuzi 75. Kadiri pembe inavyokaribia 90 ndivyo pistoni mbili zinavyosaidiana kuuzima mtetemo, na kwa hiyo Virago ilitetemeka kiasi cha kupendeza tu bila kutia ganzi mikono. Silinda zilipozwa kwa hewa, bila rejeta wala pampu ya maji. Kila pistoni ilikuwa na upana wa milimita 83 na safari ya milimita 69.2, jumla 748 cc. Kila kichwa cha silinda kilikuwa na kamshafti yake juu.

Fremu ndiyo iliyonivutia zaidi nilipoanza kuisoma pikipiki hii. Haikuwa na mabomba mawili yanayoshuka na kuikumbatia injini kama kawaida. Ilikuwa uti wa mgongo mmoja wa bati nene lililokandamizwa, na injini ikaning'inia chini yake huku yenyewe ikiwa sehemu ya mifupa. Uti huo ulikuwa na uwazi ndani, na hewa ya kwenda kwenye kabureta ilipitia humo. Waliowahi kuiona Vincent, pikipiki ya Kiingereza ya enzi za zamani, walitambua wazo lake papo hapo. Nyuma, mahali pa shokapu mbili, kulikuwa na moja tu iliyofichwa chini ya siti. Harley ya mwaka ule haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Aliyeiga aliiga nini, basi?

Na haikuwa na cheni. Nguvu ilikwenda gurudumu la nyuma kwa propela, kama ya gari. Dereva yeyote wa bodaboda anaijua thamani ya jambo hilo bila kuelezwa: hakuna kukaza, hakuna kupaka oili kila wiki, hakuna meno yanayoisha, hakuna kukatikiwa cheni njiani mvua ikinyesha. Dada yake mkubwa wa Ulaya, TR1 ya 981 cc, alikuwa na cheni, lakini iliyofungiwa ndani ya mfuniko na kuogeshwa grisi muda wote. TR1 haikuuzwa sana ilipotoka. Leo Wajerumani wanaitafuta kwa udi na uvumba.

Marekani ilipata pia ya 920 cc. Toleo moja la mwaka 1982 lilikuwa na dashibodi ya kidijitali yenye kompyuta ya kumwonya dereva kuhusu hali ya chombo, wakati ambapo magari mengi hayakuwa na kitu kama hicho.

Kipande cha waya

Ubaya wake ulikuwa kwenye stata. Virago haikuwa na kiki, kwa hiyo stata ndiyo iliyokuwa mlango pekee wa kuiamsha. Ndani yake gia ndogo ilitakiwa isogee, ishikane na gia ya flaiwili, iizungushe injini, kisha irudi. Kilichoizuia isizunguke ovyo kabla ya kushikana kilikuwa kibanio kidogo cha waya wa springi. Kibanio kilipolegea, gia ilizunguka pale pale bila kusogea ipasavyo, meno yakasagana. Mlio wake ulikuwa wa chuma kinachotafunwa, na mtaa mzima ulijua kwamba mwenye Virago anaondoka.

Watengenezaji wa pikipiki wamewahi kufanya makosa makubwa zaidi ya hilo, makosa ya kuua watu, na yakasahauliwa. Hili halikusahaulika kwa sababu lilisikika. Mafundi walipata dawa zao: kibanio kipya, waya mnene zaidi wa betri, stata yenye brashi nne mahali pa mbili. Yamaha yenyewe ikaja kuubadili mfumo huo katika matoleo ya baadaye. Lakini sifa ikishatoka, kuirudisha ni kazi, na mpaka leo anayeuliza habari za Virago ya 1981, 1982 au 1983 huambiwa kwanza habari za stata.

Vita viwili kwa wakati mmoja, 1981–1983

Pikipiki hii ilizaliwa katikati ya ugomvi ambao haukuihusu. Honda, mkubwa wa pikipiki duniani, ilikuwa imeelekeza nguvu zake kwenye magari, na rais wa Yamaha, Hisao Koike, akaona nafasi. Akatangaza hadharani kwamba Yamaha itaipita Honda. Viwanda vikapanuliwa, fedha zikakopwa. Honda ikageuka na kupigana: ndani ya takribani miezi 18 ikatoa modeli zaidi ya 100, mpya au zilizofanyiwa marekebisho, na kushusha bei kiasi ambacho Yamaha haikuweza kukihimili. Mwanzoni mwa mwaka 1983 Yamaha ilikubali hadharani kwamba imeshindwa, na Koike akaondoka madarakani.

Vita hivyo viliacha mizigo. Pikipiki ambazo hazikupata mnunuzi zilijaa kwenye maghala ya Marekani zikiwa bado kwenye masanduku yake, nyingine zikauzwa kwa bei ya kutupa miaka miwili au mitatu baada ya kutengenezwa. Na hapo ndipo vita vya pili vilipowashwa na moto wa vile vya kwanza.

Harley-Davidson nayo ilikuwa taabani. Kampuni ya AMF iliyoimiliki tangu mwaka 1969 iliiuza mwaka 1981 kwa viongozi 13 wa Harley yenyewe, wakiongozwa na Vaughn Beals, waliokopa ili kuinunua. Pikipiki zao zilikuwa na sifa ya kuvuja oili, na Wajapani walikuwa wamejaza soko. Mwaka 1982 wakapeleka ombi serikalini wakitaka ulinzi. Tume ya biashara iliyolisikiliza ilitazama maghala yale yaliyojaa na kuona hatari. Tarehe 1 Aprili 1983 Rais Ronald Reagan aliidhinisha ushuru wa nyongeza kwa pikipiki za kigeni zinazozidi 700 cc: asilimia 45 mwaka wa kwanza, kisha 35, 20, 15 na 10, juu ya ushuru wa kawaida wa asilimia 4.4.

Honda na Kawasaki zilikuwa na viwanda ndani ya Marekani, Ohio na Nebraska. Yamaha haikuwa nacho. Virago ya 748 cc ikajikuta upande mbaya wa mstari kwa 48 cc tu.

699

Jibu la Iwata lilikuwa la fundi. Waliichukua pistoni ya milimita 83, wakaipunguza upana ikawa 80.2, safari yake wakaiacha vilevile. Matokeo: 699 cc. Pikipiki ileile, sauti ileile, ikapita mpakani bila kodi ya nyongeza. Ikaitwa XV700 na kuuzwa kuanzia mwaka 1984.

Mwaka huohuo sura nayo ilibadilishwa. Shokapu moja ya ndani ikaondolewa, zikaja mbili za nje, zenye kung'aa. Tangi likachongwa likafanana zaidi na tone. Wauzaji walijua kwamba mnunuzi wa kruza anataka kuona vyuma vyake, na fundi aliyeficha shokapu chini ya siti alikuwa ametatua tatizo ambalo mnunuzi hakuwa nalo. Naielewa hesabu hiyo ya biashara. Lakini nasikitika, maana Virago ya 1981 ilikuwa na sura isiyofanana na ya mtu yeyote, na kuanzia 1984 ndipo ilipoanza kweli kusogelea umbo la Milwaukee, mji wa Harley. Wanaoiita mwigaji wanaikumbuka hii ya pili na kuisahau ile ya kwanza.

Kwa wale waliokuwa tayari kulipa kodi, injini kubwa iliendelea kukua: 981 cc, kisha mwaka 1986 ikafika 1,063 cc na kuitwa XV1100. Hiyo ndiyo iliyodumu kuliko zote za familia kubwa. Harley ilipopata nafuu kwa injini yake mpya ya Evolution, iliomba yenyewe mwaka 1987 ushuru uondolewe kabla ya muda. Uliondolewa, na mwaka 1988 Virago ikarudi kwenye 748 cc yake.

Wakati huo wengine walikuwa wameshafika. Honda Shadow ilitoka mwaka 1983, Kawasaki Vulcan na Suzuki Intruder zikafuata katikati ya muongo. Shadow na Vulcan zilipozwa kwa maji, zikiwa na rejeta mbele. Zote zilikuwa na V, na zote zilipita kwenye mlango ambao Virago ndiyo iliyoufungua.

Mdogo mtu, 1987–2003

Aliyeuzika kuliko wote alikuwa mdogo mtu, XV535. Alikuja mwaka 1987 baada ya jaribio la 500 cc, akiwa na V ya nyuzi 70, propela ileile, na siti yenye kimo cha sentimita 72 tu kutoka ardhini. Watu wafupi, wanaoanza kujifunza, na hasa wanawake, ambao wauzaji wa pikipiki kubwa walikuwa wamewapuuza miaka yote, waliweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Jina la jikedume likapata wenyewe.

Matoleo ya kwanza yalikuwa na mzaha wa kihandisi uliowaudhi wengi: kilichoonekana kuwa tangi mbele ya dereva hakikuwa na petroli. Kilikuwa kifuniko tu. Petroli ilikuwa kwenye tangi dogo chini ya siti, na safari ikawa fupi. Yamaha ikaisikia lawama, ikalifanya lile la juu kuwa tangi la kweli, na jumla ikafika lita 13.5. Uingereza na Ujerumani XV535 ikawa pikipiki ya kawaida barabarani kiasi kwamba hakuna aliyegeuza shingo ikipita. Nadhani hapo ndipo ilipoponzwa. Kitu kikiwa cha kila mtu, hakuna anayekitundikia picha ukutani.

Japani, ambako leseni ya daraja la kati inaishia 400 cc, ilipewa XV400. Mwaka 1988 ikaja ya 250 cc, V ya nyuzi 60 yenye cheni, nyepesi, ya kujifunzia. Ulaya ikapata hata ya 125 cc.

Familia kubwa iliishia mwaka 1999, XV1100 ilipofungwa. Ila injini yake haikufungwa nayo. 1,063 cc zilezile za nyuzi 75 zilihamishiwa ndani ya pikipiki mpya, Drag Star 1100, iliyoitwa V Star huko Marekani, na ya 535 ikapanuliwa ikawa 649 cc kwa ajili ya Drag Star 650. Jina Virago liliendelea Ulaya kwa XV535 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha likapotea kwenye orodha za mauzo za huko.

Mabanda ya mafundi

Halafu ikatokea jambo ambalo wauzaji hawakulipanga. Katika miaka ya 2000 na 2010 kizazi kipya cha mafundi kilianza kutafuta pikipiki za zamani za kuzivua nguo na kuzijenga upya, nyepesi, bila chochote cha ziada. Harley ilikuwa ghali. Honda za silinda nne zilikuwa zimeshapandishwa bei na wapenzi wake. Virago ya 1981 hadi 1983, yenye doa la stata, ilikuwa inauzwa kwa fedha ya kununulia baiskeli nzuri.

Walipoifungua walikuta kile ambacho kilikuwepo siku zote. Ondoa tangi, siti na mudgadi, na kinachobaki ni uti mmoja wa mgongo ulionyooka na injini inayoning'inia hewani, bila mabomba ya kuyazuia macho. Shokapu moja ya nyuma, ile iliyoondolewa 1984 kwa kukosa mvuto, ndiyo waliyoitaka. Greg Hageman wa Marekani alijijengea jina kwa kuzibadilisha Virago za namna hiyo, na kazi zake zikawafanya watu wa mabara mengine waanze kuchimba kwenye magereji ya wajomba zao. Fremu ambayo mwaka 1981 ilionekana ya ajabu ikawa, miaka thelathini baadaye, ndiyo sababu ya kuinunua.

Na ambao hawakuivua nguo waliendelea kuiendesha tu. Injini isiyo na maji haina rejeta ya kutoboka. Propela haina cheni ya kukatika. Kabureta inasafishika mezani kwa bisibisi na subira. Spea nyingi bado zinapatikana kwa sababu ukoo wa injini hizo uliendelea kutengenezwa ndani ya Drag Star kwa miaka mingine mingi.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana nayo siku moja, iwe ughaibuni au kwenye kontena lililofunguliwa bandarini, usiipite kwa sababu ya jina lisilojulikana. Angalia namba ya mwaka. Mwambie mwenyewe aiwashe ikiwa ya baridi, na usikilize stata kwanza kabla hujasikiliza injini. Chungulia chini ya siti uone kama shokapu ni moja. Ikiwa ni moja, unaitazama ya mwanzo.

Ile ya 250 nayo haikufa. Mwaka 2008 Yamaha iliibadilisha jina ikaiita V Star 250, na kwa jina hilo, ikiwa na V ileile ya nyuzi 60 iliyotoka mwaka 1988, imeendelea kuuzwa Marekani ikiwa mpya kutoka kiwandani.